Yurea ya mahindi: masika ilichukuliwa na mvua, vuli nilichelewa. Safari hii niitie lini?

Mkulima wa Mtambwe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nnaomba mawazo yenu kabla sijapanda. Misimu miwili mfululizo nimepoteza yurea, mbolea ya kukuzia, na sina uwezo wa kupoteza ya tatu.

Mie nnalima Mtambwe, Pemba. Shamba ni zile eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi. Karafuu ziko juu kwenye mteremko, na chini yake nina eka moja tupu ninayotia mahindi. Upande wa juu dongo ni jekundu na linashikana. Ukishuka kuelekea bondeni linageuka kichanga, na ile robo ya chini kabisa ukiufumbata udongo mkononi unapukutika wote. Mbegu yangu ni Staha. Napanda mojamoja, mstari hadi mstari futi mbili na nusu, shina hadi shina futi moja.

Masika iliyopita nilinunua polo la yurea la kilo 50. Nilipanda mwisho wa mwezi wa tatu, na kwa vile niliambiwa "ukitimia mwezi", siku ya 30 nikatia polo zima. Nilirusha kwa mkono kando ya mistari, juu ya ardhi, maana nilikuwa peke yangu na jioni inaingia. Usiku ule ilinyesha mvua ambayo sijaisahau. Banda la mbuzi liliezuka, na asubuhi nikakuta maji yamechimba mifereji baina ya mistari mpaka kwenye mpunga wa jirani kule bondeni. Wiki mbili baadae mpunga wake ulikuwa kijani kibichi. Mihindi yangu ilinyanyuka kidogo kisha ikadumaa. Kabla ya mbelewele, yale maua ya juu, kutoka, majani ya chini yakaanza kuwa manjano, yakianzia nchani na kuingia ndani kwa kufuata uti wa jani, kama ulimi. Nilivuna magunia manne na ushei.

Vuli nikasema silirudii kosa lile, nikasubiri mvua ipungue. Mvua ilinyesha vizuri siku tisa ikakata, na jua likashika. Nikawa sasa nasubiri mvua irudi! Iliporudi mbelewele zishatoka na ndevu zinaanza kuchungulia. Nikatia, nikafukia kila shina. Majani yakarudi kijani mpaka wapita njia wakanisifu. Lakini mahindi yenyewe yalikuwa mafupi, punje zimeishia nusu ya gunzi, ncha tupu.

Sasa nina polo moja la yurea na nusu polo la DAP, mbolea ya kupandia, nimegawana na shemegi. Nakusudia kupanda mara baada ya Idi, mvua zikishika. Mama anasema nitie mara mbili kama alivyokuwa akitia marehemu baba. Shemegi anasema mara moja, siku ya 21, basi. Dukani wananiambia nisubiri mihindi ifike magotini. Tatizo ni kwamba mihindi ya juu na ile ya bondeni haifiki magotini siku moja, zinapishana hata kwa wiki.

Nitie lini hasa, na mara ngapi? Na masika ikinyesha kila siku, kama inavyokuwa mwezi wa nne, mtu anafanyaje?

Kitope

Waalaykum salaam. Mie niko Unguja. Natia mara moja tu, baina ya siku ya 21 na 25, na mwaka wa sita huu sijajuta. Ila shamba langu ni dongo zito, na sirushi juu hata siku moja. Yurea ukiiacha juu inaruka. Pita asubuhi ya pili yake, utaisikia harufu ile ile ya zizi la ng'ombe asubuhi. Hiyo harufu ndiyo pesa yako inaondoka. Fukia, utaona.

Bi Shamba wa Konde

Waalaykum salaam mwanangu, na pole sana. Nilikuwa bibi shamba miaka mingi, sasa nimestaafu nalima mwenyewe hapa Konde. Hasara zako zote mbili nimeziona kwenye mashamba ya watu wenye bidii kuliko wengi, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu. Nivumilie.

Kwanza tuyatenganishe makosa, maana hayafanani.

Masika tarehe haikukuponza sana. Kilichokuponza ni kutia yote kwa mkupuo, juu ya ardhi, kwenye mteremko, usiku wa kuamkia mvua. Yurea ikiwa bado yurea, udongo hauna mkono wa kuishikia. Inayeyuka kama sukari na inakwenda yanakokwenda maji. Kwa joto letu inahitaji siku chache tu igeuke amonia, na amonia ikiwa ndani ya udongo hushikwa na chembe za dongo. Kisha vijidudu vya udongoni huigeuza tena ikawa naitreti, ambayo mizizi inaipenda sana lakini dongo haliishiki, kwa hiyo mvua kubwa huizamisha chini kupita mizizi. Kwa hiyo mbolea ina milango mitatu ya kutokea: ikiachwa juu na unyevu mdogo inaruka hewani, ikipigwa na mvua kubwa siku ile ile inaserereka na maji, na ikikaa muda mrefu udongoni bila mlaji inazama. Kitope hakusema uongo. Dongo lake zito linashika, na anafukia, kwa hiyo kwake mara moja inatosha. Kichanga chako cha bondeni hakina uwezo huo.

Na ule umanjano ulioueleza, wa majani ya chini, ulioingia kama ulimi kwa kufuata uti, ni njaa ya naitrojeni bila shaka, yaani kile chakula kilichomo ndani ya yurea. Mmea unanyang'anya majani yake ya zamani ili ulishe machanga. Ungekuwa pembezoni mwa jani ningesema potasiamu. Ungekuwa wa majani ya juu, machanga, ningekuuliza kuhusu salfa.

Vuli ni jambo jengine kabisa. Mbolea haikupotea, ilifika. Ilikuta mmea umeshapanga kila kitu. Na hapa ndipo nnapotaka unisikilize sana, kwa sababu ndilo jibu la swali lako: usihesabu siku, wala usipime kwa goti. Hesabu majani.

Shina likiwa na majani matano, moyo wake wa kukulia bado uko chini ya ardhi. Kama huamini, toa shina moja muhanga, lipasue kwa kisu toka juu mpaka kwenye mizizi, utaiona ncha nyeupe iko chini ya usawa wa udongo. Likifika majani sita inaanza kupanda juu. Baina ya majani sita na manane mmea unaamua hindi lake litakuwa na mistari mingapi ya punje. Hesabu magunzi uliyonayo nyumbani: utakuta 12, 14 au 16, daima ni jozi. Uamuzi huo ulipita wewe ukiwa unaangalia mawingu. Baada ya hapo mpaka karibu na kutoa ndevu ndipo unaamuliwa urefu, yaani kila mstari upate punje ngapi. Na wiki mbili zinazofuata ndevu, mmea wenye njaa au kiu huzitupa punje za nchani. Wewe umekuja na mbolea ndevu zishachungulia, basi umewalisha majani. Wapita njia hawakukosea kusifu, ila punje hazikupata kitu.

Mlo wenyewe wa mihindi uko hivi. Mpaka majani sita inakula kidogo sana. Kuanzia manane mpaka mbelewele inakula kwa pupa, na mpaka ndevu zinapotoka zaidi ya nusu ya naitrojeni yote ya maisha yake imeshaingia ndani. Kwa hiyo chakula kiwe kimeshafika mezani kabla pupa haijaanza, lakini kisitangulie sana kikaibiwa na mvua.

Namna ya kuhesabu: jani linahesabiwa likishatoa shingo, ule mkunjo mweupe pale jani linapoachana na ala yake. Lililo bado limejisokota kwenye moyo halihesabiwi. La kwanza kabisa lina ncha ya mviringo, ndogo, usiliruke. Majani ya chini hufa na kuanguka, halafu mtu akapoteza hesabu, kwa hiyo chagua mashina kumi huku na huku, na likitoka la tano likate ncha kwa mkasi. Hapo hata yale ya chini yakianguka unajua hili ni la tano, unaendelea kutoka hapo. Fanya kumi ya juu na kumi ya bondeni, kila upande uwe na hesabu yake.

Kwa huku kwetu mwambao, joto linaharakisha. Majani sita huonekana karibu wiki ya tatu, kumi wiki ya tano au pungufu. Anayelima kwenye baridi ya milimani anaweza kusubiri zaidi, ndiyo maana siku zinazoandikwa kwenye karatasi za huko mara nyingi hazitufai huku. Na mwenye mbegu ya Kito, inayokomaa mapema kuliko Staha, ajue kila kitu kinamjia mbio zaidi.

Sasa hesabu zako. Eka ni futi za mraba 43,560. Kwa nafasi yako ni mashina 17,424. Wengi watakuambia kifuniko cha soda kwa kila shina. Kifuniko kilichojaa kinachukua kiasi cha gramu nne au tano, kwa hiyo ungehitaji kilo 70 mpaka 87. Polo lako lingemalizika hujafika bondeni, na hao wa mwisho wangelala na njaa. Usipime kwa shina, pima kwa mstari. Eka yako ni sawa na mistari 174 ya futi 100. Ukitia nusu ya polo kwa awamu moja, kila futi 100 zinapata gramu 143. Chukua gilasi ndogo ya chai, nenda nayo dukani wakupimie kwenye mizani gramu hizo zinafika wapi, kisha tia alama kwa wino. Kwa gilasi yangu haijai, inabaki kama kidole kimoja.

Nnavyoona mie kwa shamba lako: DAP yote wakati wa kupanda. Yurea kilo 25 za mwanzo majani yakiwa sita, nyengine yakiwa kumi au kumi na moja. Palilia kwanza, usije ukalisha magugu. Chora kifereji kwa ncha ya jembe nusu shubiri kutoka shinani, kina cha vidole vitatu, nyunyiza, fukia hapo hapo kabla hujakwenda mstari wa pili. Na chembe zisiingie kwenye moyo wa shina, zinaunguza.

Mama yako yuko sahihi, na marehemu alijua alifanyalo.

Maweni

Naongeza la huku kwetu Micheweni, kwenye mawe. Udongo wetu una chokaa, na udongo wa chokaa unairusha amonia upesi kuliko dongo jekundu. Watu wengi huku walidhani SA, yaani salfeti ya amonia, ni salama kuliko yurea kwa sababu haina harufu mwanzoni. Juu ya chokaa na yenyewe inaruka. Mie natia samadi ya ng'ombe kwenye kila tundu la baina ya mawe mwezi kabla ya kupanda, na yurea natia kidogo kidogo mara tatu, kila mara nachimba kwa muo na kufukia. Kazi ni nyingi lakini matundu yenyewe hayana udongo wa kutosha kushika mbolea ya mara moja.

Mkulima wa Mtambwe

Bi Shamba, Mungu akulipe kheri. Nimemsomea mama hadi mwisho, ule mstari kuhusu marehemu baba akanambia niurudie.

Nina mambo matatu. Kwanza DAP, naweza kuitia pamoja na mbegu kwenye shimo moja? Pili ile robo ya kichanga, nayo mara mbili? Tatu, swali langu la mvua bado linanikera. Mwaka jana kuanzia katikati ya mwezi wa nne sikupata siku mbili kavu zilizofuatana. Kama mihindi ina majani sita na mbingu ndiyo hiyo, nisubiri kama vuli?

Bi Shamba wa Konde

DAP shimo moja ni sawa, lakini zisigusane na mbegu. Tia DAP, funika kwa udongo unene wa vidole viwili, kisha mbegu juu. Ikigusana na mbegu amonia yake inaichoma, unakuta mapengo na unawalaumu kunguru. Yurea usiitie na mbegu kabisa.

Kichanga chako nigawie mara tatu: majani manne au matano, manane, na kumi na moja. Mbolea ni ile ile, ila vijiko ni vidogo. Udongo ule ni kama ungo, ukiumiminia mengi yanapita. Na kama una samadi, hata ya mbuzi wale wa banda lililoezuka, yote ipeleke huko chini, usiigawe eka nzima. Itasaidia kushika maji pia.

Mvua. Hapa wakulima wengi wanachanganya mvua na mafuriko. Mvua ya kawaida si adui wa yurea. Kama ungekuwa umeitia juu, mvua tulivu ya milimita 12 au 15 ndiyo ingekusaidia kuizamisha isiruke. Adui ni ile inayotiririka. Kwa hiyo maswali ya asubuhi ya siku ya kutia ni mawili tu: maji yamesimama baina ya mistari? Na leo usiku kuna mvua kubwa inayotarajiwa?

Maji yakisimama usitie. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na naitreti ndani yake inageuzwa gesi na vijidudu, ikapotea kwa mlango wa nne ambao sikuutaja mwanzo. Tena mizizi yenyewe imezibwa pumzi, haili. Utaiona mihindi imekuwa manjano ndani ya maji, ukadhani ni njaa, ukaongeza mbolea. Toa maji kwanza.

Kwa la pili, sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanatoa angalizo la mvua kubwa kwa siku tano mbele, na Pemba na Unguja huwa zinatajwa kwa majina yake. Kukiwa na angalizo, ngoja lipite. Kukiwa hakuna, hata kama inanyesha manyunyu ya kila siku, ingia shambani asubuhi baina ya mvua na mvua, majani yakiwa yameshakauka kidogo, na fukia. Iliyofukiwa ikapata siku mbili tatu za utulivu imeshageuka na imeshashikwa. Si lazima umalize eka kwa siku moja. Fanya mistari 50 leo, 50 kesho. Mvua ikikushtukiza, imekuta robo tu ya mali yako iko nje, nyengine iko ndani ya polo. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kugawa, kuliko hata mambo ya mizizi.

Kusubiri kuna mwisho wake. Awamu ya kwanza isivuke majani manane. Ya pili isivuke kumi na mbili. Ikikaribia hapo na mbingu haijatulia, tia hivyo hivyo kwa kufukia, maana mbolea iliyopotea nusu kwa wakati wake inazaa kuliko iliyofika yote wakati umepita. Na vuli ikikata tena kama ulivyoeleza, usiitie juu kwenye udongo mkavu ukingojea mvua. Umande tu unatosha kuifanya ianze kuruka. Chimba chini zaidi mpaka unyevu, ifukie hapo, itasubiri.

Nipime vipi milimita, najua utaniuliza. Kopo lenye pande zilizonyooka, liweke pahala pa wazi mbali na mti, asubuhi tumbukiza rula ya skuli.

Ombi langu moja. Bakisha mistari mitatu katikati ya dongo jekundu bila yurea kabisa. Itie DAP tu. Weka vijiti kwenye kila ncha. Unaweza kuona uchungu kuinyima, lakini bila ya hiyo hutojua kama ni mbolea iliyofanya kazi au ni mwaka tu ulikuwa mzuri.

Shemegi mtu

Mie ndiye shemegi wa siku ya 21. Shamba langu liko Ole. Bi Shamba, nimekuwa nikitia siku ya 21 na kupata, ila sikuwahi kuhesabu majani. Nimekwenda leo kwenye mihindi niliyowahi kupanda kabla yake, ina siku 19, nimehesabu majani matano yenye shingo, la sita linakaribia. Kumbe siku yangu ya 21 na majani yako sita ni kitu kimoja. Nilikuwa naipata bila kuijua sababu. Vuli iliyopita ilichelewa kukua kwa ukame na nikatia siku ile ile ya 21, huenda ilikuwa na majani manne tu. Safari hii na mie nnagawa.

Kitope

Shemegi mtu, hapo umenifungua na mie. Kesho naingia na mkasi.

Mkulima wa Mtambwe

Ndugu zangu, nimerudi kutoa ripoti. Samahani kwa kukaa kimya, kazi zilinizidi.

Nilipanda siku ya nne baada ya Idi. DAP chini, udongo vidole viwili, mbegu juu. Mapengo yalikuwa machache kuliko mwaka wowote nnaokumbuka.

Dongo jekundu lilifika majani sita siku ya 22. Kichanga kilikuwa nyuma kwa siku nne, kama nilivyotabiri, na kama ningehesabu siku tu ningetia kote pamoja. Siku ya 23 nilianza asubuhi na mdogo wangu wa kike, mie nachora, yeye ananyunyiza kwa gilasi iliyotiwa alama, mama anafukia kwa mguu akitufuata nyuma. Mistari 60 mpaka saa sita mchana. Siku ya 24 hatukwenda, palikuwa na angalizo. Usiku ule kopo langu lilionyesha milimita 58. Nilikwenda shambani na tochi alfajiri, roho juu. Mifereji ilipita katikati ya mistari kama masika ile, lakini vifereji vyetu vilivyofukiwa vilikuwa vimelala pale pale, nikafukua kidogo kwa kidole upande wa juu na chini ya mteremko kuangalia, udongo haujaondoka. Siku ya 26 na 27 tukamaliza.

Awamu ya pili nilitia siku ya 37, majani kumi na moja kwenye dongo jekundu. Kichanga kilipata ya mwisho siku ya 42. Mistari mitatu ya vijiti niliinyima, na wallahi mama aligomba. Siku ya 45 mtu angeweza kuiona toka barabarani, rangi yake kama majani ya mgomba uliokosa maji.

Tumevuna. Tulipura mistari mitatu ya vijiti peke yake na mistari mitatu ya jirani yake peke yake, kwenye mkeka tofauti. Ya vijiti ilitoa pishi nne na nusu. Ya jirani yake pishi saba. Magunzi ya vijiti mengi yana mistari 12, haya mengine nimehesabu 14 kwa wingi, na punje zimefika nchani, isipokuwa kule kichangani ambako kama robo ya mahindi yana ncha tupu kidogo. Shamba zima magunia kumi na moja, ukiacha mabichi tuliyochoma na kuwapa watoto wa madrasa.

Bi Shamba, kichanga bado kinanisumbua. Samadi ya mbuzi ilitosha mistari kumi tu. Nafikiria vuli nipande kunde kule chini badala ya mahindi, kisha masika nirudi na mahindi. Mabua yote nimeyaacha shambani, sijachoma. Unaonaje?

Bi Shamba wa Konde

Alhamdulillahi. Pishi saba kwa nne na nusu! Mpe mama salamu zangu, mwambie ile mistari ya vijiti aliyoigombea ndiyo iliyotupa jibu.

Kunde ni sawa kabisa, ila usizing'oe. Vuna maganda, majani na mizizi viache, uvilaze ndani wiki mbili tatu kabla ya kupanda mahindi. Zitakupunguzia yurea ya kule chini lakini hazitoiondoa, kwa hiyo vijiko vitatu vibaki pale pale. Mabua yaliyokauka yasizikwe karibu na siku ya kupanda, maana vijidudu vinavyoyaozesha hula naitrojeni ya udongo na mihindi michanga inakosa. Yatandaze baina ya mistari ya kunde sasa hivi, mpaka masika yatakuwa yamelainika.

Na lile kopo usiliondoe. Andika milimita za vuli kila asubuhi kwenye daftari, na mwezi wa kumi na mbili nitumie.